Maswali na Majibu: Hakimiliki, Uharamia wa Kidijitali na Faragha ya Mtumiaji

Maswali ya safari hii yanahusu mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa kila moja kivyake: faragha ya mtu anapokuwa mtandaoni, na mabishano kuhusu uharamia wa kidijitali, yaani kunakili na kusambaza filamu, muziki, vitabu na programu bila idhini ya wenyewe. Nimeyajibu pamoja kwa makusudi, kwa kuwa hakuna njia ya kumtambua aliyepakua filamu bila kwanza kujua watu wanatazama nini, na anayejua watu wanatazama nini anajua mengi kupita filamu zenyewe.

Swali: Kampuni za filamu husema kupakua bila kulipa ni wizi. Rafiki yangu anasema si wizi, kwa sababu mwenye filamu bado anayo filamu yake. Nani yuko sahihi?

Kila mmoja ameshika upande mmoja. Kisheria, kunakili kazi ya mtu bila ruhusa kwa kawaida huitwa ukiukaji wa hakimiliki, na tofauti kati ya hilo na wizi si ya maneno matupu. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Dowling, iliamua kwamba rekodi za muziki zilizotengenezwa bila idhini ya wenye hakimiliki hazikuwa mali ya wizi kwa maana ya sheria ya nchi hiyo inayohusu kusafirisha mali iliyoibwa. Kosa lilikuwepo, lakini lilikuwa kosa la aina nyingine, lenye sheria yake na adhabu yake.

Hata hivyo rafiki yako asijihesabie ushindi. Tangu sheria ya Uingereza ya mwaka 1710, iliyompa mwandishi haki juu ya kitabu chake kwa miaka 14 na kumwongezea mingine 14 akiwa bado hai, hadi Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ambao leo unalinda kazi nyingi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, msingi wa haki hii umebaki uleule: kazi ya akili ni ghali kuiumba na rahisi kuinakili. Mtu aliyetumia miaka mitatu kuandika kitabu hapungukiwi na karatasi nakala ya kitabu hicho inapopakuliwa. Anapungukiwa na ujira wa miaka mitatu hiyo.

Mimi naepuka neno wizi katika mjadala huu, na sababu yangu ni ya faragha. Ukishakubali kwamba kijana aliyepakua wimbo mmoja ni mwizi, hutashtuka mtu akipendekeza kwamba mawasiliano ya nyumba nzima yapekuliwe ili akamatwe.

Swali: Nikipakua filamu kwa torenti, mwenye filamu hujuaje kwamba ni mimi?

Hajui kwamba ni wewe. Anachojua ni kwamba laini fulani ya intaneti ilishiriki kusambaza faili fulani saa fulani, na karibu mashauri yote ya faragha katika eneo hili yamezaliwa katika pengo lililopo kati ya laini na mtu.

Mfumo wa BitTorrent, uliotungwa na Bram Cohen mwaka 2001, hukata faili katika vipande vidogo vidogo, na kila anayepakua huwagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Ili ugawaji huo uwezekane, kompyuta zilizomo katika kundi lazima zijuane kwa anwani zao za IP, yaani namba zinazotambulisha kila laini mtandaoni, na kundi lenyewe halina mlinzi mlangoni. Kampuni zinazolipwa na wenye hakimiliki hujiunga kama mshiriki mwingine yeyote, zikaandika anwani zinazoziona, jina la faili na wakati. Hakuna aliyevunja kompyuta yako wala kusoma barua zako. Umejitangaza mwenyewe kwa kila aliyekuwemo. Watu wengi hudhani torenti ni njia ya kificho, ilhali ni miongoni mwa njia za wazi kabisa za kupakua kitu mtandaoni.

Anwani ya IP pekee haina jina. Anayejua jina ni mtoa huduma wa intaneti, ambaye ana orodha ya wateja wake na kumbukumbu za nani alipewa anwani ipi na lini. Kwa hiyo swali zito ni nani anaweza kumlazimisha mtoa huduma afungue daftari hilo, na kwa utaratibu gani. Nchini Marekani, chama cha kampuni za muziki kilijaribu kutumia sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, inayojulikana kama DMCA, kudai majina ya wateja kwa hati iliyotolewa na karani wa mahakama, bila kesi kufunguliwa na bila jaji kupima ushahidi. Verizon, kampuni inayotoa huduma ya intaneti, ilikataa, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubaliana nayo: hati ya namna hiyo haiwezi kutumika dhidi ya mtoa huduma ambaye kazi yake ni kupitisha tu mawasiliano. Huko Ulaya, katika shauri la Promusicae, chama cha kampuni za muziki cha Hispania, dhidi ya mtoa huduma wa intaneti Telefónica, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Januari 2008 kwamba sheria za Umoja huo hazizilazimishi nchi wanachama kuamuru majina yatolewe katika kesi za madai, bali zinazitaka zipime kwa haki kati ya hakimiliki na faragha, kila moja ikiwa haki ya msingi.

Jina likishapatikana, bado ni jina la anayelipa bili. Katika nyumba moja kuna wazazi, watoto na wageni, na pengine jirani aliyewahi kupewa nenosiri la Wi-Fi. Zaidi ya hapo, kwa kuwa anwani za IP za mfumo wa zamani zimekwisha, watoa huduma wengi, hasa wa simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kiasi kwamba bila sekunde kamili na namba ya poti, yaani ile inayotenganisha mawasiliano yanayotumia anwani moja, huwezi hata kuifikia nyumba sahihi. Mwaka 2018 mahakama nyingine ya rufaa ya Marekani, ile ya mzunguko wa tisa, ilisema wazi kwamba kumwonyesha mtu kuwa ndiye aliyesajiliwa kwa anwani fulani hakutoshi kumshitaki kwa ukiukaji wa hakimiliki. Lazima pawepo na jambo jingine la kumhusisha yeye. Naona hukumu hiyo ni ya haki hata kwa mwenye filamu, kwa sababu dai likimwangukia asiyehusika, aliyehusika hubaki salama.

Swali: Nimepata barua pepe inayosema nimenaswa nikipakua filamu na kwamba nisipolipa ndani ya siku saba nitashitakiwa. Nifanyeje?

Usibofye kiungo chochote, usilipe kwa haraka, na usijibu kwa kukiri wala kujieleza. Tambua kwanza barua imetoka kwa nani. Onyo halisi mara nyingi hufika kupitia kwa mtoa huduma wako, kwa kuwa mwenye hakimiliki hana anwani yako ya barua pepe. Barua isiyotaja jina lako, jina la kazi, anwani ya IP wala saa ya tukio ina dalili zote za utapeli. Tafuta namba ya simu ya mtoa huduma wako kwa njia yako mwenyewe, si ile iliyoandikwa ndani ya barua, umuulize.

Ikiwa kilichokufikia ni hati ya mahakama, mambo hubadilika kabisa. Usiipuuze, kwa sababu asiyefika mahakamani huweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Peleka hati kwa wakili kabla ya kusema neno lolote na upande wa pili.

Biashara ya kuwatisha watu kwa barua imewahi kufikia uovu wa ajabu. Nchini Marekani mawakili wawili walihukumiwa kifungo mwaka 2019, mmoja miaka 14 na mwenzake miaka mitano, kwa mpango ambao ndani yake walipakia wenyewe filamu za ngono kwenye mtandao wa torenti, wakanasa anwani za waliozipakua, wakatumia mahakama kupata majina, kisha wakawadai watu fedha ili aibu isitoke nje. Waliolipa hawakuwa wote na hatia. Wengine walilipa kwa kuogopa jina lao litajwe mbele ya watu pamoja na filamu kama zile. Katika udanganyifu ule silaha ilikuwa faragha yenyewe.

Swali: Je, VPN inanificha?

Inakuficha kwa baadhi ya watu na kukuanika kwa mwingine. VPN hujenga njia iliyofungwa kwa msimbo kati ya kifaa chako na seva ya kampuni unayoitumia, hivyo mtoa huduma wako wa intaneti huona tu kwamba umeunganishwa na seva hiyo, na tovuti unayotembelea huona anwani ya seva badala ya yako. Lakini yote ambayo mtoa huduma wako alikuwa akiyaona, sasa huyaona kampuni ya VPN. Umehamisha imani yako kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na ni juu yako kujua huyo wa pili ni nani, yuko chini ya sheria za nchi gani, anatunza kumbukumbu gani na anapata wapi fedha za kuendesha seva zake. VPN ya bure isiyoeleza fedha hizo zinatoka wapi, mimi nisingeiamini na mawasiliano yangu.

Yako pia mambo ambayo VPN haiyagusi. Ukiingia kwenye akaunti yako, mwenye huduma anakujua kwa jina. Vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviweka katika kivinjari ili zikutambue, hubaki vilevile, na mkusanyiko wa ukubwa wa skrini, lugha, fonti na toleo la kivinjari unaweza kukutofautisha na wengine hata anwani ikibadilika. Upande mwingine, tovuti nyingi leo hutumia HTTPS, njia ya kufunga mawasiliano kwa msimbo, ambayo peke yake humzuia anayechungulia njiani asisome ukurasa unaousoma, ingawa kwa kawaida bado anaweza kujua jina la tovuti.

VPN ina kazi nyingi halali, kuanzia mfanyakazi anayefikia mafaili ya ofisi akiwa mbali hadi mwandishi wa habari anayelinda vyanzo vyake. Haibadilishi uhalali wa kinachopita ndani yake.

Swali: Na nikitazama tu, bila kupakua?

Kiufundi, kutazama ni kupakua vipande vinavyofutwa baada ya muda mfupi. Kisheria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Aprili 2017, katika shauri lililohusu visanduku vya televisheni vilivyouzwa vikiwa tayari na viungo vya filamu haramu, kwamba nakala hizo za muda hazina kinga iwapo mtazamaji anafungua chanzo kisicho halali kwa kujua. Nchi nyingine zina misimamo yao, na ukali hutofautiana.

Kwa upande wa faragha, visanduku vya namna hiyo vinanitia hofu kuliko sheria. Vile vya bei ya chini visivyo na mtengenezaji anayejulikana vimewahi kukutwa na programu hasidi tangu kabla havijatolewa kwenye boksi, na kifaa kama hicho hukaa sebuleni kikiwa kimeunganishwa na Wi-Fi ileile inayotumiwa na simu na kompyuta za familia.

Swali: Mwanangu ameweka kwenye kompyuta ya nyumbani programu ya kuhariri picha iliyovunjwa kufuli. Inafanya kazi vizuri. Kuna ubaya gani?

Kufanya kazi vizuri si ushahidi wa usalama. Programu hasidi iliyotengenezwa kwa ustadi hujitahidi isikusumbue. Fikiria jinsi programu hizo zinavyosakinishwa. Maelekezo huja na sharti la kuzima kinga ya virusi, kwa madai kwamba itatoa onyo la uongo, kisha faili huombewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Mtu usiyemjua amekuomba uondoe mlinzi na umpe funguo za vyumba vyote, na mtoto amekubali.

Kinachoibwa zaidi siku hizi ni manenosiri yaliyohifadhiwa katika kivinjari, pamoja na vidakuzi vinavyoonyesha kwamba tayari umeingia kwenye akaunti. Mwizi akipata kidakuzi hicho anaweza kuingia katika barua pepe yako bila kuulizwa nenosiri, na pengine bila kuulizwa hata ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu. Akiwa na barua pepe, huomba upya manenosiri ya huduma nyingine zote.

Kama kompyuta hiyo ni yangu, ningefanya hivi. Ningeitoa mtandaoni, ningehifadhi nyaraka na picha peke yake, kisha ningefuta diski na kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji, kwa sababu kuiondoa programu tu hakuondoi kilichoingia pamoja nayo. Ningebadilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, nikianza na barua pepe na benki, na katika kila akaunti ningetumia kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Halafu ningekaa na mtoto bila kumkaripia. Huenda alitaka kujifunza kuhariri picha, jambo zuri, na GIMP au Krita zingemfaa bila kulipa wala kuvunja kufuli ya mtu, kama LibreOffice inavyomfaa anayehitaji kuandika na Blender anayetaka kuchora katuni.

Swali: Mimi nalipia kila kitu kihalali. Je, faragha yangu haiko salama kuliko ya wanaopakua?

Uko salama zaidi dhidi ya programu hasidi, na dhamiri yako iko huru. Kuhusu faragha, jibu ni gumu zaidi, na natamani wenye hakimiliki wangelisikia pia.

Aliyenunua kitabu cha karatasi kwa fedha taslimu alikisoma bila mtu yeyote kujua alifika ukurasa gani. Huduma halali za leo huweza kujua ulichotafuta, ulichoanza na kukiacha, sehemu uliyoirudia, saa na mahali ulipokuwa. Mtu anaweza kusema hana cha kuficha. Lakini orodha ya vitabu na filamu za mwaka mmoja inaweza kusimulia maradhi ambayo mtu hajamwambia hata mwenzi wake, imani anayoitilia shaka, siasa anazozipenda, ndoa inayoyumba. Wamarekani walilitambua hilo zamani. Gazeti moja lilipochapisha orodha ya kanda za video alizokodi Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, Bunge lao lilipitisha mwaka 1988 sheria ya kuwakataza wakodishaji wa video kutoa orodha za kanda wanazokodi wateja wao bila idhini. Katika orodha ile hapakuwa na aibu yoyote. Wabunge walielewa hata hivyo kwamba isingepaswa kuonekana.

Kuna pia nyakati ambapo mteja mwaminifu ndiye aliyeumizwa. Mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya CD za muziki za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikisakinisha, kwenye kompyuta za Windows, programu iliyojificha ndani kabisa ya mfumo ili kuzuia kunakili. Mtafiti Mark Russinovich aliigundua katika kompyuta yake mwenyewe, na baada ya muda mfupi watengenezaji wa virusi wakaanza kuvificha virusi vyao chini ya pazia lilelile. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD hizo kutoka madukani. Aliyeathirika ni yule aliyetoa fedha akanunua CD halisi. Aliyepakua nyimbo zilezile kutoka kwa maharamia hakukutana na programu hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon nayo ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye visomeo vya wateja, vitabu viwili ambavyo vilikuwa vimeuzwa katika duka lake na mtu asiyekuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirejeshwa, na kampuni ikaomba radhi, lakini watu walijifunza kwamba kitabu walichokiita chao kinaweza kuondoka usiku bila wao kuulizwa.

Endelea kulipa. Pamoja na kulipa, fungua mipangilio ya akaunti, zima kumbukumbu za utazamaji pale inaporuhusiwa, na ikiwa unaishi chini ya sheria kama ile ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, dai nakala ya yote wanayoyajua juu yako. Wengi hushangaa wanapoipokea.

Swali: Mimi ni mwanamuziki. Nikisoma watetezi wa faragha najiona nimeachwa peke yangu, kana kwamba siri ya anayeninyonya ina thamani kuliko jasho langu. Unaniambia nini?

Nakuambia kwamba lalamiko lako ni la haki, na wengi wetu tunaotetea faragha tumelipita haraka mno. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linamlinda kila mtu, katika kifungu cha 12, asiingiliwe katika faragha na mawasiliano yake. Kifungu cha 27 cha tangazo hilohilo kina sehemu mbili: ya kwanza inampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni na kufurahia sanaa, na ya pili inamlinda mtunzi katika maslahi ya kimaadili na ya kimali yatokanayo na kazi yake. Walioliandika waliziweka haki hizi bega kwa bega, na hawakusema ipi imle mwenzake.

Nachopinga ni njia. Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, ilianza mwaka 1999 na ikafungwa kwa amri ya mahakama mwaka 2001. Watumiaji wake wakahamia kwenye mifumo isiyo na seva ya katikati. Kuanzia Septemba 2003 kampuni za muziki za Marekani ziliwashitaki watu binafsi kwa maelfu, na miongoni mwa wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 12, ambaye shauri lake liliishia kwa mama yake kulipa dola 2,000. Mwishoni mwa mwaka 2008 kampuni hizo zilitangaza kuachana na mashitaka ya jumla namna hiyo. Katika kipindi hichohicho, duka la iTunes lilikuwa limeanza mwaka 2003 kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola, na Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilifunguliwa mwaka 2008. Msikilizaji alipopewa njia rahisi ya kulipa, wengi waliitumia, ingawa najua kwamba mgao unaokufikia kutoka huduma hizo ni lalamiko jingine, na hilo ni kati yako na wasambazaji wako zaidi kuliko kati yako na msikilizaji.

Ufaransa ilijaribu njia ya maonyo. Sheria ya mwaka 2009 iliunda chombo kilichoitwa Hadopi, ambacho kingetuma onyo la kwanza, la pili, kisha kumkatia intaneti mtu aliyeendelea. Tarehe 10 Juni mwaka huohuo Baraza la Katiba lilikataa sehemu ya mwisho: uhuru wa mawasiliano, lilisema, kwa zama hizi unajumuisha kuufikia mtandao, na chombo kisicho mahakama hakiwezi kupewa uwezo wa kumnyang'anya mtu uhuru huo. Uamuzi uliwekwa mikononi mwa jaji, na mwaka 2013 adhabu ya kukata intaneti ikaondolewa. Mfumo wa maonyo ulibaki, na mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliukubali kwa masharti: anwani za IP zitunzwe zikiwa zimetengwa na taarifa nyingine kwa namna isiyoruhusu kuchora maisha ya mtu, na hatua inapokaribia kugusa maisha yake binafsi, mahakama au chombo huru kitoe idhini kwanza. Wenzangu wengi walihuzunishwa na hukumu hiyo. Nilipoisoma niliona kwamba imelegeza mahali ambapo ningependa ukali, lakini imeweka mpaka unaoeleweka, na mtunzi akiwa ndani ya mpaka huo hana sababu ya kuitwa adui wa faragha.

Nisichoweza kukukubalia ni chujio linalokagua mawasiliano yote ya watu wote ili kupata wimbo wako. Chama cha watunzi cha Ubelgiji, SABAM, kiliomba mtoa huduma aliyeitwa Scarlet alazimishwe kuweka chujio la aina hiyo, na mwezi Novemba 2011 mahakama hiyohiyo ya Ulaya ikakataa, kwa kuwa lingewakagua wateja wote, bila kikomo cha muda, kwa gharama ya mtoa huduma, na lingeweza kuzuia hata mawasiliano halali.

Elekeza nguvu zako kwa anayepata faida: tovuti inayouza matangazo juu ya nyimbo zako, anayeuza usajili wa mwezi wa vituo vilivyoibwa, kampuni ya malipo inayompitishia fedha. Hao wana majina, akaunti na mikataba, na kuwafuatilia hakuhitaji kusoma mawasiliano ya mamilioni ya watu. Hata huko uangalifu unahitajika. Megaupload, tovuti ya kuhifadhi na kugawana mafaili, ilipofungwa mwezi Januari 2012, watu waliokuwa wamehifadhi humo mafaili yao wenyewe walipoteza njia ya kuyafikia. Tumia utaratibu wa kutoa taarifa ili kazi iondolewe, ukitaja kiungo kimoja kimoja. Hakikisha kila wimbo una taarifa sahihi za mtunzi na mmiliki, maana malipo mengi hukwama kwa sababu hakuna anayejua alipwe nani. Na uwape wanaokupenda mahali pa kukulipa moja kwa moja, bila kuwadai tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ili wasikie wimbo mmoja.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Makala za utafiti ninazohitaji zimefungwa nyuma ya malipo nisiyoyaweza. Nalazimika kutumia tovuti za maharamia. Je, kuna njia nyingine, na tovuti hizo zinanijua?

Zinakujua kadiri tovuti yoyote inavyomjua mgeni wake: anwani, kivinjari, unachotafuta. Usitumie humo nenosiri la chuo chako wala kulikabidhi kwa yeyote anayeliomba kwa jina la kusaidia watafiti, kwa kuwa nenosiri hilo kwa kawaida ndilo linalofungua pia barua pepe na matokeo yako.

Hali yako inanigusa, kwa sababu katika sehemu hii hoja ya jasho la mtunzi hudhoofika: mwandishi wa makala ya utafiti kwa kawaida halipwi na jarida, na mara nyingi utafiti wenyewe umegharamiwa na fedha za umma. Ndiyo maana Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilidai matokeo ya utafiti yawe wazi kwa wote, na makala nyingi mno sasa hutolewa bure kwa leseni za Creative Commons, ambazo humruhusu yeyote kusambaza kazi kwa masharti yaliyotajwa, au huwekwa na waandishi katika hazina za vyuo vyao. Tafuta jina kamili la makala likiwa ndani ya alama za nukuu. Angalia arXiv kwa fizikia na hisabati, PubMed Central kwa tiba, na Orodha ya Majarida Huria, maarufu kwa kifupi cha DOAJ, kwa fani nyingine. Sakinisha Unpaywall kwenye kivinjari, nayo itakuonyesha penye nakala halali ya bure. Mkutubi wako anaweza kuazima makala kutoka maktaba nyingine. Na ikiwa huoni, au kuna mwenzako asiyeona, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kufanya kazi mwaka 2016, unaruhusu katika nchi zilizoukubali vitabu kugeuzwa kuwa maandishi ya nukta nundu au sauti bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kumwandikia mwandishi mwenyewe. Anwani yake ya barua pepe imechapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, ule ambao huachwa wazi. Jitambulishe kwa sentensi mbili, taja makala unayoihitaji na kwa nini, umwombe nakala. Watafiti wengi hufurahi kuombwa, na wengi hujibu.